Barua kwa mwanangu aliyeko Fortaleza: ule unga mkavu wa mezani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mtwara. Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuuma, na mabibo yameanza kuanguka. Asubuhi ukikaribia mikorosho, harufu yake inakupokea kabla hujafika. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Uliandika: "Mama, wewe ulipokuwa huku ulikuwa unakula nini? Mwezi wa pili huu kila mchana wali na maharage, na mezani wanaweka unga mkavu kama vumbi la mbao. Ule unga ni wa nini?" Baba yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka sana, maana swali hilohilo nililiuliza mwaka 1998, tena kwa vitendo, mbele za watu.

Nilitaka kukurekodia sauti kwenye simu nikaona itakuwa ndefu, wewe sauti ikizidi dakika mbili husikilizi. Basi nakuandikia.

Nilifika hapo Fortaleza, mji mkuu wa jimbo la Ceará, Brazil, Agosti mwaka huo. Ofisi ilinipeleka miezi sita kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Embrapa, kujifunza habari za mikorosho mifupi. Siku ya kwanza wenzangu wa kazini wakanichukua kwenda kula. Ikaja sahani ya samaki, wali, maharage, na pembeni bakuli la unga wa manjano iliyofifia. Nikanusa: muhogo. Moyo ukatulia. Nikasema alhamdulillahi, kumbe hawa wanakula ugali wa muhogo, ila kila mtu anajisongea mwenyewe mezani. Nikamwita mhudumu nikamwomba maji ya moto kwa ishara za mikono. Akaniletea kikombe na kijaruba cha chai. Chai nikaiweka kando, maji nikayamimina kwenye bakuli, nikashika kijiko, nikaanza kusonga. Meza nzima ikanyamaza.

Unga ule hausongwi, mwanangu, kwa sababu umekwisha kuiva. Wanamenya muhogo mbichi, wanaukuna, wanaukamua mpaka maji yote yatoke, kisha wanaukaanga mkavu kwenye sinia pana la moto huku wanaugeuza bila kupumzika, hadi unakuwa punje ndogo kavu zinazolia mdomoni. Ndiyo farinha. Unainyunyiza juu ya maharage ili inywe mchuzi. Ukiikaanga tena kwa siagi, kitunguu na yai, inaitwa farofa. Sasa sikia kilichonifariji: mzee mmoja pale mezani alinionea huruma, akalivuta bakuli langu, akaonja, akasema kitu kama "hajakosea sana huyu." Kumbe wanacho chakula chao kinachoitwa pirão, ni farinha hiyohiyo inasongwa kwa mchuzi wa samaki ulio moto. Kosa langu lilikuwa maji matupu. Ukienda sehemu wanayopika peixada, samaki wa tui la nazi na mboga, omba pirão. Utakula kimya kimya kama uko Mikindani.

Unga mkavu wenyewe nao ulinichukua wiki tatu kuuzoea. Usiutie mdomoni huku unaongea, utakohoa mbele ya wakubwa zako.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa bara, kule wanakoita sertão, kwenye ukame. Kila mtu alimwita Dona, nami nikamwita hivyohivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Dona alinipa chekeche. Alfajiri ya siku ya tatu alinigongea mlango, akanisimamisha jikoni mbele ya wanga wa muhogo uliolowa kidogo, mweupe kama chokaa, akaniambia chekecha. Nikachekecha. Akaweka kikaango kitupu motoni, hakina hata tone la mafuta. Akanyunyiza ule wanga ukafunika kikaango kizima, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko, akasubiri. Nilikuwa nangoja aongeze maji au yai ili ushikane. Hakuongeza kitu. Ulishikana wenyewe, punje zikakamatana kwa joto tu, ukawa mkate mwembamba unaopinda bila kuvunjika. Akaweka nazi iliyokunwa na jibini ya kwao, ile ngumu inayolia kwenye meno, akaukunja katikati. Ndiyo tapioca, na kule Messejana walikuwapo akina mama pembeni mwa barabara ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu. Kipande cha kwanza nilikula nimesimama.

Siku hiyo niliona aibu kidogo. Mimi mtoto wa Mtwara, nimekulia kwenye muhogo, na nilichokuwa najua ni kuuchemsha, kuukaanga, kuula kwa nazi, na kuukausha makopa tukatwanga. Na kwetu ukimwekea mgeni muhogo unamwomba radhi kwanza. Pale ulikuwa mezani kwa tajiri na kwa maskini, asubuhi mkate, mchana unga, jioni wa kuchemsha na nyama kavu ya jua. Bado kuna vile vimikate vya duara vya wanga na jibini, pão de queijo, asili yake Minas Gerais, vile unavyoona vinauzwa kila kituo cha basi. Vile ni muhogo pia. Nunua vya moto, vikipoa vinakuwa mpira.

Halafu jihadhari na majina. Huko uliko muhogo wa kuchemsha unaitwa macaxeira. Ukienda Rio ni aipim, na São Paulo ni mandioca. Ukimwambia mtu wa Ceará kwamba unataka kuchemsha mandioca ule, atakushangaa, maana kwao hilo ni jina la muhogo mchungu, wenye sumu, ambao lazima ukunwe, ukamuliwe na ukaangwe kwanza. Ujuzi huo wa kuitoa sumu ni wa wenyeji wa asili wa nchi ile, waliulima na kuula muhogo kabla Mreno hajaota kujenga meli. Mreno ndiye aliyeuleta Afrika, kama alivyoleta mahindi, karanga, nanasi, papai na mkorosho wenyewe. Baba yako huwa anakataa nikimwambia hivi. Anasema muhogo ni chakula cha babu zake. Namwambia ndiyo, babu zako wa juzi.

Nirudi kwenye wali na maharage, maana ndilo lalamiko lako hasa. Hutaukwepa. Mchana ndicho chakula, usiku wengi wanakunywa supu au kahawa na mkate basi. Wiki ya kwanza nililala na njaa nikingoja chakula cha jioni ambacho hakikuwapo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Kula mchana ushibe. Ila maharage yakikuchosha, ulizia baião de dois. Ni wali uliopikwa pamoja na kunde. Kunde kabisa, hizihizi za shambani kwetu; wao wanaziita feijão-de-corda, na hizo zilitoka Afrika kwenda kwao. Wanatia na jibini ile, inayeyuka kidogo, na giligilani juu. Mimi nilikuwa naongeza tui la nazi kwa siri. Dona alipogundua hakuniuliza kitu, ila Jumapili iliyofuata akanipa nazi mbili.

Ila uliza kabla hujala. Hili nakuambia kama mama na kama Mwislamu. Kwenye maharage yao, kwenye baião, hata kwenye ile sukuma ya kijani wanayoikata nyembamba kama nyuzi, mara nyingi huwa kuna kipande cha nguruwe cha kutia ladha, na hawakihesabu kuwa ni nyama. Niliwahi kwenda kwenye mkahawa mmoja mdogo nikasema kwa Kireno changu cha wiki mbili: sem carne, bila nyama. Mwenye mkahawa akaitikia kwa furaha, akaniletea sahani yenye soseji. Nikamwonyesha. Akashangaa kweli, akaniambia, lakini hii si carne! Kwao carne ni ng'ombe. Kuku si carne, soseji si carne. Kwa hiyo usiseme "bila nyama", sema sili porco, rudia mara mbili, na waulize wametia nini kwenye maharage. Hawakasiriki. Feijoada yao ya Jumamosi, maharage meusi na nguruwe wa kila namna na vipande vya chungwa pembeni, nimeisikia sifa zake tu na harufu yake naijua, lakini kwenye sahani yangu haikukaa. Kuhusu kuku, utacheka: wale kuku wa Sadia uliokuwa unawaona kwenye friji la mjomba wako Muscat, ambao mama mkwe wake aliamini ni wa kampuni ya Mwarabu kwa sababu ya jina, wanatoka Brazil. Jina lenyewe ni herufi za kampuni na mwisho wa jina la mji wa Concórdia ilikoanzia mwaka 1944. Wanachinja halali kwa ajili ya kuuza nje kuliko wengi duniani, lakini dukani kwa Dona sikuona kifungashio kimeandikwa hivyo. Mimi nilikula samaki. Wapo tele, na wavuvi bado wanatoka na jangada, vyombo vya mbao vyenye tanga la pembetatu, ukiwatazama asubuhi utadhani ngalawa zetu zimebadilisha nguo.

Alhamisi usiku utaona watu wamejaa ufukweni Praia do Futuro, kila mmoja na kinyundo cha mti, wanapasua kaa. Kelele yake kama karakana. Mimi kaa sili, nilikaa nikanywa dafu.

Dafu nalo nikuambie. Jioni ya kwanza nilipoenda ufukweni nilimkuta muuzaji na panga lake. Akalifungua, nikanywa, nikamrudishia kama tunavyofanya hapa sokoni. Bila kuniuliza akalipasua katikati, akachonga kibanzi kwenye ganda lake kikawa kijiko, akanipa nikwangulie nyama. Yaani vilevile! Mkono uleule, pigo lilelile la panga. Mnazi si mti wa asili wa kule. Mreno aliupeleka karne ya 16, na asili yake ni pande za Bahari ya Hindi, lakini ile namna ya kuchonga kijiko sidhani kama ilihitaji meli.

Mahali pa kupimiwa chakula kwa kilo umeshapajua? Unachukua sahani, unajipakulia mwenyewe, wanaiweka kwenye mizani, unalipa uzito. Mimi nilijaza tikiti maji, viazi na samaki mwenye mifupa, nikalipa kama niliyekula harusini. Wenyeji wanaanza na majani mepesi, na tikiti wanalinunua sokoni.

Sasa matunda. Hapa Kiswahili chako kitakuangusha mara moja na kukubeba mara nyingi. Kitakuangusha kwenye pera. Sisi neno hili tulilichukua kwa Mreno, lakini kwake pera ni lile tunda la nchi za baridi, na pera letu yeye analiita goiaba. Niliomba juisi ya pera nikapewa kitu cha maji maji kisicho na harufu. Stafeli ni graviola, na topetope hapo Ceará wanaliita ata. Pasheni ni maracujá. Ukifika kwa muuza juisi sema mapema sem açúcar, vinginevyo utapewa sukari iliyochovywa tunda. Kwa sukari hawa wametushinda, na unajua sisi si wageni kwenye sukari. Kile kitamu chao cha sherehe, brigadeiro, maziwa ya kopo na kakao yamefinyangwa vidonge, nilimaliza kimoja kwa adabu. Na usinywe maziwa baada ya kula embe mbele ya mtu mzima wa makamo. Dona aliamini ni sumu, na kumwambia kwamba mimi mtaalamu wa kilimo hakukusaidia lolote.

Lakini nilichokifuata mimi ni mkorosho, na hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja kazini. Nilijua magonjwa ya mkorosho, nilijua ubwiriunga unavyopiga maua, nilijua kupuliza salfa. Nilipofika kwenye mashamba yao wakati wa mavuno, Septemba na Oktoba kama kwetu, niliona kitu cha kwanza ambacho hakikuwa kwenye ratiba: wanachuma bibo. Hawangoji lianguke. Wanalichuma juu ya mti kwa mkono, bila kulibana, wanalipanga kwenye trei kama mayai. Kwenye soko la São Sebastião nililiona bibo limepangwa kwa rangi, jekundu peke yake na la njano peke yake, likiuzwa ghali, na korosho yake bado imening'inia chini kama kitasa. Kwetu tunang'oa korosho, bibo tunaliacha chini nzi wafanye karamu, au linaishia kwenye mtungi wa uraka, pombe yake, na maneno ya watu usiku. Korosho yenyewe tunaipakia mbichi kwenye magunia kwenda India na Vietnam. Na jina tunalo! Wenzetu wa pwani wakiita kanju, wanalitamka neno la wenyeji wa asili wa Brazil, acaju, lililopita kinywani mwa Mreno. Tuna mti, tuna jina, tunda tunalitupa.

Wao wanalikamua juisi, wanalipika jamu, wanalichana nyuzi wanazikaanga na vitunguu na pilipili hoho badala ya nyama. Hiyo nilikuwa naila sana kwa sababu ya habari za nguruwe. Lakini kilichonishika ni cajuína. Hiyo hasa ni ya jirani zenu wa Piauí. Wanakamua bibo, wanatia kitu cha kuvuta ule ukali unaokaba koo ukatulia chini, wanachuja kwenye kitambaa tena na tena mpaka inakuwa angavu kama maji, wanajaza chupa, wanaziba, kisha chupa zenyewe zinachemshwa ndani ya maji kwa muda mrefu. Sukari ya tunda inaungua taratibu ndani ya chupa, na rangi inageuka dhahabu. Haina kilevi, haina sukari ya kuongeza. Mwaka 2014 serikali yao iliutambua utengenezaji wake kuwa urithi wa taifa. Niliporudi hapa niliandika ripoti ya kurasa arobaini kuhusu mabibo. Wakanishukuru. Sijui iko kabati gani.

Utomvu wake usiuchezee. Ile kanga yangu yenye doa la kahawia upindoni, uliyokuwa ukiniuliza utotoni kama ni damu, ni bibo la Ceará. Nilijifutia mkono shambani nikijua fika, mtaalamu mzima, kwamba halitoki.

Vinywaji vingine nitapita haraka. Kahawa yao inakuja na sukari tayari kwenye chupa ya chai, kikombe kidogo, na unapewa kila mlango unaoingia: benki, kwa fundi, msibani. Kwetu kahawa ni chungu na kashata pembeni. Wao kashata wameitia ndani ya kikombe. Chakula cha asubuhi wanakiita "kahawa ya asubuhi" hata ukinywa maziwa, nikakumbuka sisi tunavyosema "njoo tunywe chai" na kuna chapati, maharage na uji. Guaraná, soda ya mbegu ya Amazon inayofanana na jicho la mtu, inanywewa barafu, ni tamu, inakesha na wewe. Cachaça ni gongo la miwa lenye leseni, na hapo sina zaidi la kukuambia, unanijua na ninakujua. Juisi ya miwa na pastel, yule binamu wa sambusa mwenye tumbo la hewa, uliza pale Praça do Ferreira.

Pale kituoni alikuwapo mtafiti kutoka kusini kabisa, Rio Grande do Sul. Kila asubuhi alikuja na kibuyu cha majani ya chai ya kwao, wanayoiita mate, na mrija wa chuma, anakunywa yeye kwanza, anajaza maji ya moto, anampa mwingine, kibuyu kinazunguka. Kilipofika kwangu nikanywa, kichungu kama mwarobaini, nikarudisha nikasema obrigada, asante. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu kibuyu kikanipita. Nikanung'unika moyoni nikidhani ni mdomo wangu wanaukwepa. Kumbe kwa watu wa kusini ukisema asante maana yake umetosheka, usipewe tena. Adabu yangu ndiyo iliyoninyima. Ukipewa, nyonya mpaka mrija ulie, rudisha kimya, na huo mrija usiukoroge.

Novemba nilipelekwa Salvador, jimbo la Bahia, siku tatu kwa mkutano. Nenda, hata kwa basi. Jioni nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, nguo nyeupe za marinda, kilemba, mbele yake karai la mawese linachemka. Anachota unga wa kunde zilizosagwa na kitunguu, anauzungusha kwa kijiko, anaudondosha. Nikasimama kama niliyeona mtu ninayemfahamu, maana hizo ni bajia za kunde, ila kubwa kama ngumi. Wanaziita acarajé, jina la Kiyoruba, na mwaka 2005 kazi ya akina mama hao nayo iliandikishwa kuwa urithi wa taifa. Akaniuliza: quente? Ya moto? Nikasema ndiyo, nani anataka bajia baridi. Akaipasua, akapaka pilipili, akajaza vatapá, rojo la mkate, nazi, karanga, korosho na mawese, akamwaga kamba wakavu juu, wale tunaowaita uduvi wakiwa wadogo. "Ya moto" kumbe maana yake ni pilipili nyingi. Machozi yalinitoka, na nilifurahi, maana tangu Agosti sikuwa nimeonja pilipili ya maana. Chakula cha Ceará ni kipole. Mawese yakakutana na tumbo langu usiku, hayo tuyaache. Kula moja tu siku ya kwanza.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikila, nikatazama watu wanaopita. Watumwa waliopelekwa Bahia wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola. Lakini karne ya 19 meli zilikuja hata Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, zikachukua Wamakua, watu wa bibi yako mzaa baba, na wengi wao walishushwa Rio. Utumwa kule ulifutwa mwaka 1888. Ceará mapema kidogo, 1884, baada ya waendesha jangada kugoma kuwabeba watumwa kwenda melini. Sikuwa na la kufanya na habari hizo pale kwenye ngazi. Nilimaliza bajia yangu.

Ramadhani ilinikuta huko, Desemba. Wala si ngumu, jua linazama kabla ya saa kumi na mbili. Siku ya kwanza Dona alikaa na mimi mezani kungoja, hajala, ingawa nilimwambia si lazima. Nilikuwa nimezoea kula kwa uma na kisu mbele yake, maana kule hata pizza hawaigusi kwa mkono. Lakini siku hiyo njaa na tende vilinisahaulisha. Nikanawa, nikavuta sahani ya maharage, nikanyunyiza farinha, mkono ukaingia wenyewe. Nikafinyanga tonge. Nilipoinua macho nikamwona Dona ananitazama mkono, nikauficha.

Akacheka. Akavuta sahani yake, akatia maharage na unga, akavua pete, akafinyanga tonge refu, akalibana kwenye kiganja mpaka alama za vidole vinne zikabaki. Akasema: capitão. Kwao sertão mama zao walikuwa wanawalisha watoto hivyo, kila mtoto na tonge lake, wanajipanga. Yeye alikuwa wa mwisho, caçula, wa kulishwa baada ya wengine wote kuondoka, na la kwake lilikuwa linapata kipande cha jibini. Alisema hajalifinyanga tangu mama yake afariki. Akaniwekea lile tonge kwenye sahani yangu.

Kwa hiyo kesho mchana maharage yakija, usikae kuyanung'unikia, nyunyiza unga, subiri unywe mchuzi, uone kama utashika. Ukishika weka uma chini. Wewe nawe si kitinda mimba?

Halafu nenda São Sebastião uniulizie bibo trei ni bei gani mwaka huu, jekundu na la njano. Nataka kumwonyesha mtu fulani pale ofisini.

Mama yako